Acheni kutuambia "ongeza sampuli" kila majani yakimetameta!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoshwa na jibu moja linalorudiwa kwenye kila uzi wa miti ya 3D, ile ya kuchorwa kwa kompyuta, ambayo majani yake yanametameta video ikicheza: "Ongeza sampuli," yaani kompyuta ipime rangi mahali pengi zaidi ndani ya kila pikseli (nukta moja ya picha). Mtu hajauliza kamera iko umbali gani, hajauliza mti una majani mangapi, tayari keshajibu na watu wanamgongea like.

Kazi yenyewe ni tangazo la chai. Kamera inapita juu ya kilima, chini ni shamba, kule nyuma kuna mstari wa migrivea. Ukiangalia fremu mojamoja, safi kabisa, unaweza kuibandika ukutani. Sasa bonyeza icheze. Kilima chote kinachemka! Mteja kaniuliza kama faili limeharibika.

Mgrivea wenyewe, modeli ya 3D, nimeuziwa kwa sifa kwamba una majani 200,000. Haya, tupige hesabu. Kwenye picha ya 1920 kwa 1080, mti wa kule nyuma una kimo cha pikseli 40 na upana wa 20. Ni pikseli 800, yaani majani 250 yanagombania pikseli moja. Ukirenda (kompyuta ikokotoe picha) kwa sampuli 16, kwenye pikseli hiyo kamera inaona majani yasiyozidi 16, mengine kama hayapo. Fremu inayofuata kamera imesogea kidogo, upepo umepita, yanaonekana mengine kabisa. Lililokuwa linang'aa juani limempisha mwenzake aliye kivulini. Fanya hivyo mara 24 kwa sekunde, kwenye kila pikseli ya kilima.

Kuongeza sampuli kunasaidia, sikatai, ila bei yake ni ya kukomoana: ukitaka chembechembe, hizo rangi zinazorukaruka, zipungue nusu, sampuli unazidisha mara 4. Ukitaka zibaki robo, mara 16. Uniti za umeme mnanunua nyie?

Halafu kuna wa "washa dinoiza", programu ya kufuta chembechembe. Dinoiza za kawaida zinasafisha kila fremu kivyake, hazina habari na fremu ya jirani. Hapa inakisia jani, fremu inayofuata inalikisia pembeni kidogo, mwisho unapata madoa yanayotambaa. Na wale wa kufunga mbegu ya namba nasibu (namba inayoamua sampuli ziangukie wapi) isibadilike, chembechembe zinaganda kwenye skrini huku mandhari inatembea chini yake. Asanteni sana.

Kinachoniuma ni kwamba dawa inajulikana tangu 2007. Robert Cook na wenzake wa Pixar, studio ya katuni, waliiwasilisha SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, mwaka huo. Mti ukienda mbali, unapunguza majani kwa nasibu na yanayobaki unayakuza. Ukibakiza robo, kila jani liwe na eneo mara 4, maana yake urefu mara 2 na upana mara 2, mti haukondi. Kisha rangi, na hapa ndipo wengi wanaporuka: majani machache makubwa yanapishana rangi waziwazi kuliko utitiri wa madogo yaliyochanganyika ndani ya pikseli, kwa hiyo unazivuta rangi zake kuelekea wastani. Usipofanya hivyo mti unatoka na madoadoa. Na zamu ya majani kuondoka inapangwa mara moja tu kwa kila mti. Zamu ya jani ikifika, linasinyaa polepole kadiri kamera inavyorudi nyuma. Ukichagua upya kila fremu umerudi palepale kwenye kumetameta.

Hakuna uchawi hapo. Lakini wauza miti wao bei wanapanga kwa wingi wa majani! Nimemwandikia huyu aliyeniuzia, nikaomba toleo la mbali, akaniletea mti uleule kang'oa majani tu. Yaliyobaki hayajakuzwa, rangi hazijaguswa. Mti una kipara, anga linaonekana katikati ya matawi, na bado unametameta. Pesa anasema hairudi kwa sababu "toleo limeshatolewa".

Nauliza kwa wanaofanya kazi kweli: kuna duka linalouza miti ambayo tayari majani yamepangiwa zamu ya kuondoka? Au mwenye skripti ya Blender (programu ya 3D) inayofanya hayo yote matatu, eneo, rangi na kusinyaa? Weka kiungo, nalipia. Kama umekuja kuandika "ongeza sampuli", pita tu mkuu.