Fortran na C: jina la nje, njia ipi ni salama?

Isyesye_Maji (Mbeya)
Wakuu, habari za jioni. Nina sabrutini (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) ya lugha ya Fortran inayokokotoa maji yanayoingia Usangu, naiita kutoka lugha ya C. Kwenye Linux naandika `mtiririko_` na kazi inakwenda. Nimehamia Windows na kompaila nyingine (kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), linka (kinachounganisha vipande vya programu) inasema jina halipo. Si Fortran haijali herufi kubwa na ndogo? Nichague `#ifdef` upande wa C (kuandika jina tofauti kwa kila kompaila), swichi za kompaila, au BIND(C), yaani kuitaja Fortran jina la C moja kwa moja?

Kihesa77 (Iringa)
Fortran haijali, linka inajali. Kiwango rasmi cha Fortran hakisemi jina liandikweje ndani ya faili la `.o` linalotoka kwenye kompaila, kwa hiyo kila kompaila ina desturi yake. gfortran hulishusha kuwa herufi ndogo na kuongeza kistari cha chini mwishoni. Ya Intel kwenye Windows hulipandisha kuwa herufi kubwa, bila kistari. Zote hazijavunja kiwango. Piga `nm`, amri inayoorodhesha majina yaliyomo kwenye faili, kwenye Linux, utaona `T mtiririko_`.

Binti_Tukuyu
Swichi usiguse, kaka. Niliweka `-fno-underscoring` kuondoa kile kistari, kikaondoka kwenye kila jina la nje, hata nilivyoita LAPACK, maktaba ya hesabu. Programu ikatafuta `dgesv`, maktaba ina `dgesv_`. Siku nzima ilikwenda hapo.

Mzee_Uyole
`#ifdef` tuliishi nayo miaka mingi, na kwa majina mawili matatu inatosha. Yakifika arobaini utachoka. Tangu Fortran 2003 mimi naandika hivi:

`subroutine mtiririko(n, q) bind(C, name="Mtiririko")`

Kilichomo ndani ya alama za nukuu kinabaki kama ulivyokiandika. Ukiacha `name=`, jina linakuwa la herufi ndogo. Na n na q zipe aina za moduli ya `iso_c_binding` zinazolingana na za C, `c_int` na `c_double`. Jina likikubali huku aina zimepishana, utapata majibu ya ovyo bila onyo lolote.

Isyesye_Maji
Shikamoo mzee. Maktaba yangu ya C ina `pima` na `Pima`, kazi mbili tofauti. Nizifunge zote kwa BIND(C)?

Mzee_Uyole
Marahaba. Hapana, hapo simama. Kiwango kinakataza lebo mbili (majina ya BIND(C)) zinazotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Linka inaweza kupitisha kimya kimya, lakini programu itakuwa nje ya kiwango. Andika kifungashio kifupi cha C, yaani kazi iitwayo `pima_kina`, ambayo ndani yake inaita `Pima`. Fortran iite hicho.

Isyesye_Maji
Nimefanya. Windows na Linux zote zimelinki, na upande wa C sijabadilisha hata herufi moja kati ya mashine hizo mbili. Asante mzee, asanteni wote.