Majirani Mtaa wa Mbuyuni 🏘️

Mama Abdul: Majirani za asubuhi, nani ana fundi bomba wa uhakika? Fleksibo ya sinki imepasuka usiku tumeamka jiko zima maji, kabati la chini limevimba lote

Baba Neema: Pole sana jirani. Umeshafunga maji?

Mama Abdul: Nimefunga kule kwenye mita, maana koki ya chini ya sinki imeganda haizunguki kabisa

Dada Zuu: Samahani jamani fleksibo ndo nini 😅 mi naijua ya bosi wangu tu, akisema "tuwe fleksibo" ujue Jumamosi unaingia kazini na hela ya ziada hakuna

Rama: 😂😂😂😂

Baba Neema: Zuu wenzio wamefurika huko. Ni ule mpira wenye nyuzi za chuma kwa nje, unatoka kwenye koki ya ukutani unaenda kwenye bomba la sinki, choo nacho kinao

Fundi Sele: Shikamoo mama Abdul. Ile kitu ndani ni mpira tu, nyuzi za nje ndo zinaubana, sasa zikiliwa na kutu mpira unatokeza kama jipu na usiku watu hawatumii maji presha inapanda ndo unapasuka. Cheki karibu na nati

Mama Abdul: Marahaba mwanangu. Kweli kuna kutu hapo hapo, na ndo ninapowekaga dawa za choo

Fundi Sele: Haaa mvuke wa hizo dawa unakula chuma, zihamishe mama. Bomba lako la kawaida au mikisa, lile la kuchanganya maji moto na baridi? Ya mikisa upande mmoja una skrubu nyembamba, nisije nikabeba siyo

Mama Abdul: La kawaida

Fundi Sele: Basi nusu inchi pande zote. Nachukua ya stenlesi, za alminiamu zinawahi kufa

Mzee Kondo: Yangu fundi aliikaza na spana mpaka ikalia, haikukaa ikaanza kuvuja

Fundi Sele: Shikamoo mzee. Alikata washa huyo (kile kipira cha ndani ya nati), pale unakaza kwa mkono ikishika ndo spana robo raundi tu, na tepu haihitajiki maana washa ndo inaziba

Mama Abdul: Unakuja saa ngapi?

Fundi Sele: Saa nne. Nitumie picha ya hiyo koki nipitie nayo dukani

Dada Zuu: Ukitoka hapo pita na kwangu kaka, nimeenda kuchungulia wa chooni una jipu 😩