Kaka yangu yuko baharini peke yake anazunguka dunia, sisi wa nchi kavu tumsapotije?

dada_mtu
Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Kaka yangu yuko kwenye mbio za boti za matanga za kuzunguka dunia, yuko peke yake, haruhusiwi kupita bandarini wala kupokea msaada, leo siku ya 13. Meseji za setilaiti zinamfikia ila sijui niandike nini. Juzi nikaona kwenye ramani boti yake iko palepale tangu jioni, nikaamka saa nane usiku bado haijasogea, nikamtumia meseji tano mfululizo uko wapi, uko salama, nijibu. Asubuhi akajibu mstari mmoja, "nipo, hakuna upepo, nilikuwa nimelala". Nimeumia sana maana mimi ndo niliyemwamsha. Halafu mume wangu kutwa yuko kwenye hali ya hewa, anataka tumwambie apite upande gani. Bado kuna miezi zaidi ya miwili.

Mlingoti
Pole dada. Mwambie shemeji aache leo hii hii, asitume hata neno moja la upepo. Someni sheria za mbio zenu, maana mfano Vendée Globe, zile mbio za Ufaransa za kuzunguka dunia peke yako, mtu wa nchi kavu haruhusiwi kabisa kumchagulia njia, nahodha anasoma hali ya hewa na kuamua mwenyewe, mnaweza mkamponza. Kitu kikivunjika fundi wake anaweza kumwelekeza namna ya kutengeneza, na daktari wa mbio pia anaruhusiwa. Kwenye mbio hizo za 1992-93 nahodha Bertrand de Broc aliumia ulimi vibaya humo humo baharini, daktari Jean-Yves Chauve akamtumia maelekezo ya maandishi na jamaa akajishona mwenyewe.

mke_wa_baharia
Mdogo wangu, hayo nimeyapitia na mume wangu. Hawa watu wanalala dakika 20, wakibahatika 40, kwa hiyo kila ukitaka kutuma jiulize hii inamwamsha kwa faida ya nani, yake au yangu. Mimi nilikuwa natuma moja kwa siku, saa ile ile, haina swali hata moja ndani. Mtoto kang'oka jino, paka kalala kwenye koti lako. Hofu yangu nilikuwa nampigia dada yangu, tena usiku, naye alipokea kila mara. Na kabla hajaondoka nilimfichia barua kwenye mifuko ya chakula, moja ya kufungua akipita Rasi ya Horn, kule ncha ya kusini ya Amerika Kusini. Alirudi nayo, bahasha imeloa maji ya chumvi, mpaka leo ukiishika ni nyevunyevu.

dada_mtu
Asante sana dada. Kuna kingine nilishindwa kuandika mwanzo, bibi yetu amelazwa. Nimwambie?

mke_wa_baharia
Mlikubaliana nini kabla hajaondoka? Kama hamkuongea, muulize siku bahari imetulia, bila kutaja mtu: habari nzito za nyumbani unazitaka au zisubiri? Atakachojibu kifuate, hata kama wewe ungetaka vingine. Wangu alisema niambie zote. Nilimwambia msiba wa baba yake akiwa mbali huko Bahari ya Kusini, akakaa kimya siku mbili, ila aliporudi alinishukuru kwamba sikumficha.

Pepo
Kuhusu boti kusimama kwenye ramani, kuishiwa upepo karibu na ikweta ni kawaida kabisa. Weka namba ya ofisi ya mbio, ukiwa na wasiwasi uliza wao, usimuulize yeye. Hatari ikitokea kweli ana kifaa cha kutuma ishara kwa waokoaji, na mara nyingi wa karibu zaidi ni mshindani mwenzake. Vendée Globe ya 2020 boti ya Kevin Escoffier ilivunjika kusini mwa Afrika, akaelea kwenye kiboti cha mpira cha uokozi mpaka mshindani mwenzake Jean Le Cam akamwokoa usiku. Waliogeuza njia kumtafuta walirudishiwa muda, Yannick Bestaven alipewa saa 10 na dakika 15 na ndo akawa mshindi. Kaka yako yuko peke yake kwenye boti lakini kuna wenzake wanaomwangalia.

dada_mtu
Nimewaelewa, mume wangu pia kakubali. Swali la habari nzito nitauliza akipata siku tulivu. Jana nimemtumia "tumepaka rangi chumba chako, usijibu, lala". Leo asubuhi kajibu, "rangi gani?"