Nimezaliwa Ngamiani, hilo "kwenu wapi?" mpaka lini?

Kijana wa Barabara ya Nane
Wana Tanga, hamjambo. Mimi ni Mhindi wa hapahapa, nina jambo limenikaa kooni, leo nalitoa.

Juzi nimekwenda Mgandini kununua nazi. Mama aliyenitangulia kauziwa kwa 1,000. Zamu yangu ilipofika, sijatia neno, ikawa 1,500. Nikamuuliza yule kijana kulikoni, akacheka: "Tajiri, mia tano kitu gani kwako?" Mimi ni fundi wa majokofu. Siku hiyo natembea kwa miguu kwa sababu pikipiki yangu iko gereji wiki ya pili na hela ya kuitoa sina.

Ingekuwa nazi peke yake ningenyamaza. Mtu kahamia Tanga mwaka jana ananiambia, "Kumbe unajua Kiswahili!" Bibi yangu mzaa baba kazaliwa mji huu na kafia mji huu. Kuna ofisi nilikwenda kufuata karatasi, nikaulizwa babu yangu alizaliwa wapi, kisha baba yake babu, kisha kama nina cheti chake. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Yeye kaulizwa jina, kapewa karatasi, kaondoka. Nikitoka nje watoto wanapiga kelele "ponjoro!" na mama zao wamekaa barazani wanasikia.

Nauliza: huu ni utani niumeze, au ni ubaguzi tuuite kwa jina lake?

Mzigua wa Makorora
Pole kwa ya ofisini, hiyo mbaya. Ya sokoni umekuza. Mimi Mzigua nina watani wangu, nikifiwa wanakuja kunitukania maiti na nacheka huku machozi yananitoka. Lakini utani una sharti: leo wewe, kesho mimi. Nyie mtu akiwatania mnanuna, na kurudisha hamrudishi, kwa sababu hamkai na sisi. Misibani kwetu hamji.

Kijana wa Barabara ya Nane
Hatuji misibani? Mwezi uliopita nimebeba jeneza la jirani kutoka Msambweni mpaka makaburini, bega likavimba. Nimeshika jembe. Nimekaa kwenye mkeka siku tatu. Wewe ulinitafuta kwenye misiba mingapi ukanikosa? Usiniambie "hamji". Niambie wewe fulani hukuja msiba fulani, nikuombe radhi.

Sijataja Duka
Mimi nisikilizwe kidogo. Nimefanya kazi miaka 6 kwenye duka la vipuri la Mhindi, silitaji. Chai ya saa nne wote tulikunywa, ila kikombe changu kiliwekwa peke yake chini ya sinki, pamoja na sabuni ya kufulia. Kilipakwa alama ya rangi ya kucha kisije kikachanganyika na vya wenyewe. Mtoto wao wa miaka 7 akiniita "boi", na mimi namzidi umri baba yake. Kijana, mia tano ya nazi inauma, sikatai. Ila usiiweke mizani moja na kile kikombe.

Mzee wa Reli
Vijana historia hamjui. Hawa Wahindi waliletwa na Mwingereza kujenga reli, ikiisha wakabaki wakafungua maduka. Wengine wakaja na vita ya 1914 hapahapa Tanga, wakashuka melini kwa maelfu. Mnajua nani aliwatoa? Nyuki! Nyuki wa Tanga walimjua mgeni ni nani.

Kijana wa Barabara ya Nane
Shikamoo mzee. Heshima yako naiweka pale pale, lakini hilo la nyuki limenichoma kuliko yote ya leo. Wale walikuwa askari wa watu, wamepakiwa melini na Mwingereza, wamesafiri wiki nzima na zaidi wakitapika, wakashushwa pwani wasiyoijua wafe kwa ajili ya ugomvi wa Wazungu wawili. Waliokufa wengi hata mama zao hawakujua wamezikwa wapi. Hao ndio wa kuchekwa? Na babu yangu hakuwamo. Babu aliuza kanga na marinda kwa mkopo, na daftari la madeni tunalo mpaka leo, halikulipwa robo.

Mwalimu Mstaafu
Mzee wa Reli, umechanganya mambo mawili. Reli iliyojengwa na maelfu ya vibarua kutoka India ni ile ya Mombasa kwenda ziwani, ilianza 1896. Yetu ya Tanga aliianza Mjerumani 1893. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa pwani hii kabla ya reli zote mbili, wakija na majahazi kwa pepo za kaskazi. Bagamoyo kulikuwa na Sewa Haji, kafa 1897, na jina lake lipo hospitali ya Muhimbili mpaka kesho.

Vita ile ilikuwa Novemba 1914. Waliotoka India walikuwa kama 8,000, na waliowapiga, kamanda wa Kijerumani Von Lettow na askari wake, hawakuzidi sana 1,000. Nyuki walikuwepo kweli, ila waliuma pande zote mbili. Nyuki haulizi pasi.

Na mwenye mada ajue: Oktoba 1961 Mwalimu Nyerere alisimama bungeni kuwapinga waliotaka uraia ufungwe na rangi. Spika aliyekuwa kitini wakati wa uhuru alikuwa Abdulkarim Karimjee, ukoo huohuo wa mashamba ya mkonge.

Kijana wa Barabara ya Nane
Ahsante Mwalimu, umenitetea. Lakini ona: hata kunitetea umetaja mwenye mashamba na mwenye hospitali. Mhindi fundi hatajwi. Wale Masingasinga waliokuwa wakichonga bodi za mabasi, Wagoa washona nguo, dereva, karani wa bandarini. Ndiyo maana yule wa nazi kaniita tajiri.

Mtu wa Bara
Samahani jamani, mimi ni mgeni Tanga. Hao nyuki si inasemekana walitumwa? Maana sifa za huko kwenu tunazijua, hakuna asiyezijua.

Mama Chumbageni
Walitumwa. Bibi yangu alihadithia kuwa wazee walikaa usiku mzima. Kuamini au kutoamini ni juu yako.

Mzigua wa Makorora
Zilipigwa risasi mizinga ikatikisika, nyuki wakatoka. Huko kulikuwa na mizinga ya asali mitini kila mahali. Mama, wazee walikuwa wamekimbilia mashamba, nani kakaa usiku mzima wakati mji unapigwa?

Mama Chumbageni
Wewe bibi yako alikuwa wapi 1914? Wangu alikuwa hapa. Usinifundishe mambo ya kwetu.

Mtu wa Bara
Basi nimejibiwa. Na hayo ya wanaume kufika Tanga wakasahau kwao, nayo ni mizinga kutikisika?

Binti wa Duga
Wewe wa bara ishia hapo. Nimesoma chuo Dodoma miaka 3. Siku ya kwanza hosteli, nimesema natoka Tanga, msichana wa kitanda cha juu akahamisha godoro. Hakuniuliza jina. Nikipika wali wa nazi, wanaume wanakataa kula, wanasema "tutawekewa". Mchumba wangu mama yake alinipokea vizuri mpaka aliposikia Tanga, chai ikaishia mezani. Mnaona ni sifa? Ni miaka 3 ya kula peke yangu.

Mtu wa Bara
Dada, pole, sikukusudia. Nilikuwa natania tu.

Binti wa Duga
Hata aliyehamisha godoro alisema hivyohivyo.

Mzee wa Reli
Tumetoka kwenye mada. Kama Wahindi wanalalamika, waseme pia yale majumba yote ya katikati ya mji waliyapataje. Barabara nzima mlango kwa mlango jina la Kihindi juu ya dirisha na mwaka umechongwa.

Kijana wa Barabara ya Nane
Mzee, ukipita tena soma jina, kisha gonga mlango uulize kodi inalipwa wapi. 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa, yakawa ya Msajili wa Majumba, sasa Shirika la Nyumba. Na jumba lililozidi miaka 10 halikulipwa fidia. La kaka yake babu lilikuwa na vyumba tisa, alijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi na mbili. Aliamka asubuhi ni mpangaji ndani ya nyumba aliyoichora mwenyewe. Jina lake liko juu mpaka leo kwa sababu saruji haifutiki.

Mzee wa Reli
Serikali ilikuwa na haki, mtu mmoja nyumba sita na mwenzake hana pa kulala. Na mshukuru. Uganda 1972 wenzenu walipewa siku 90 waondoke. Hapa mlikula mkalala.

Kijana wa Barabara ya Nane
Nishukuru kwa kutofukuzwa kwetu? Mzee, wewe unamshukuru nani kila asubuhi kwa kutofukuzwa Tanga?

Mwalimu Mstaafu
Hapo Mzee umepotoka. Sheria ile haikuandikwa kwa rangi, hata Waafrika wenye majumba waliguswa. Mtu anaweza kuikubali na bado akamwonea huruma aliyenyang'anywa. Mimi mwenyewe niliishukuru, nilipanga chumba kwa Msajili nikiwa kijana, kodi nafuu. Lakini "mshukuru" anaambiwa mgeni.

Chotara wa Chuda
Nasoma tangu juu. Baba yangu Mhindi wa Kibohora, mama yangu Mdigo. Baba alipooa, kwao walimsomea kama maiti, hakualikwa harusi hata moja ya ndugu zake mpaka anakufa. Kwa upande wa mama naitwa "Mhindi wetu", na kila mchango wa harusi mimi naandikiwa mara mbili ya dada zangu watoto wa mjomba, wakati nauza bajia na kachori kama wao. Kwa hiyo Kijana, ya kwako nayajua yote. Ila mimi nakuuliza moja, na usinijibu kuhusu nyuki wala majumba. Yule kaka wa duka la vipuri kasema jambo zito toka mwanzo. Umemjibu Mzigua, umemjibu Mzee mara tatu. Yeye hujamjibu.

Sijataja Duka
Nilidhani sijaonekana.

Kijana wa Barabara ya Nane
Umeonekana, kaka. Nilikusoma mara ya kwanza, nikaruka, kwa sababu wengine walinipa pa kukasirikia na wewe hukunipa.

Nyumbani kwetu kikombe kama hicho kilikuwepo. Cha bati, cha bluu, mpini umekatika. Kilikaa dirishani jikoni na hakuna aliyekigusa. Mimi mtoto niliwahi kukinywea maji, bibi akanipiga kofi, kisha akanisafisha mdomo kwa ndimu. Bibi huyohuyo niliyemtaja juu, aliyezaliwa mji huu. Sina la kumtetea.

Sijataja Duka
Kilikuwa cha nani?

Kijana wa Barabara ya Nane
Cha mama aliyenilea. Alikuja kabla sijazaliwa, akaondoka nikiwa darasa la tano, macho yakimsumbua. Ndiye aliyenifundisha Kidigo, ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza.

Sijataja Duka
Jina lake nani? Kwao wapi? Huenda tunamjua.

Kijana wa Barabara ya Nane
Tulimwita kwa jina la mtoto wake. La kwake mwenyewe silijui, na kwao sikuwahi kumuuliza. Nadhani njia ya Horohoro. Kesho nitamuuliza mama kama analikumbuka.