Nimelipa laki nne na nusu kusomea usaidizi wa daktari wa mifugo nikiwa nyumbani, sijashikishwa hata mbuzi mmoja

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Kibosho, Moshi, na hasira niliyonayo ni ya wiki tatu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mwaka jana nilikutana na tangazo la chuo fulani cha mtandaoni. Jina silitaji hapa, nitalipeleka panapohusika. Lilisema unakuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kwa miezi sita bila kutoka nyumbani. Mimi namuuguza mama yangu aliyepooza upande mmoja, na nina watoto wawili. Kwenda kukaa bweni chuo cha LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, pale Tengeru siwezi. Na kazi hii naitaka tangu niko darasa la sita, nikimshikia marehemu baba taa ya chemli wakati ng'ombe anazaa. Kwa hiyo nikakopa kwenye kikoba, nikalipa awamu tatu kwa simu, laki na nusu kila awamu. Kabla ya kulipa niliuliza kuhusu vitendo. Wakanijibu kwa maandishi, na ujumbe ninao mpaka leo: kuanzia mwezi wa nne, kila Jumamosi, kliniki Arusha mjini.

Mwezi wa nne daktari kasafiri. Wa tano kliniki inakarabatiwa. Wa sita wakanitumia picha ya cheti WhatsApp na neno "Hongera".

Masomo yenyewe sasa. Moduli kumi na mbili, tisa ni mbwa na paka. Namna ya kumswaki mbwa meno, namna ya kupokea simu ya mteja, namna ya kujaza fomu za bima ya mnyama. Ni noti za Marekani zilizotafsiriwa hovyo. Kule msaidizi wa kliniki hahitaji leseni. Aliye juu yake, fundi wa veterinari, ndiye anayebanwa na sheria za majimbo mengi, na kuna mtihani anaoufanya unaitwa VTNE. Lakini hata huko, anayesomea ufundi huo kutoka nyumbani hutafutiwa au hujitafutia kliniki ya karibu, anamfunga mnyama kwa mikono yake, anatoa damu, daktari anamsimamia. Hawa wetu wamechukua noti, kliniki wakaiacha.

Ng'ombe wamepewa kurasa nne. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mstari mmoja. Kimeta hakimo kabisa, wakati huku kwetu Monduli na Ngorongoro kinajulikana, na anayepasua mzoga wa kimeta bila kujua anaweza kujiambukiza, na ukoo mzima pia wakila nyama ile. Hakuna neno kuhusu kuvaa glavu unapovuta kondo la nyuma la ng'ombe aliyetupa mimba. Mtu angeweza kuambukizwa brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, akaumwa miaka kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Wiki tatu zilizopita mzee jirani aliniita. "Binti, wewe si umesomea? Njoo umwone ndama wangu." Ndama jike wa kisasa, wa miezi saba, hajawahi kutoka bandani. Nikapima joto: 41.2. Hilo nililijua, na nilijua limezidi sana. Nikaangalia macho, nikaangalia kinyesi, nikaishia hapo. Nikaandika kwenye kundi la chuo dalili zote na picha tatu. Nilimwambia mzee asubiri kidogo, walimu wangu watanijibu. Jibu lilikuja siku ya pili jioni: "Rejea moduli ya saba." Moduli ya saba ni minyoo ya mbwa.

Asubuhi yake ndama anahema kwa shida, povu linamtoka puani. Mzee akampigia afisa mifugo wa kata. Yule kijana alipofika hata mkoba hakuufungua. Aliweka vidole chini ya sikio la ndama, kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale. "Dada, gusa hapa." Tezi imevimba kama yai la kuku, ngumu, inateleza chini ya ngozi. Nilikuwa nimesimama sentimita kumi kutoka kwenye tezi ile siku mbili nzima. Akauliza majani yanatoka wapi, mzee akasema anayanunua, yanakatwa tambarare. Kupe walikuja na majani. Dawa ya ndigana kali ipo na inafanya kazi ukiwahi. Alimchoma hivyohivyo. Ndama alikufa saa nane mchana.

Mzee hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilikipeleka cheti kwenye duka moja la dawa za mifugo mjini Moshi kuomba kazi. Mwenye duka akauliza kitu kimoja tu: umeandikishwa Baraza la Veterinari? Hapo ndipo nikajua kwamba kuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, kwamba wasaidizi nao huandikishwa, na kwamba cheti cha chuo kisichotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, hakikufikishi popote. Ningemchoma yule ndama sindano kwa cheti kile, ningekuwa nimevunja sheria. Chuo walilijua hilo siku wanapokea pesa yangu.

Sina ugomvi na kusoma nyumbani. Nadharia ningeisoma usiku mama akilala, nikaenda Tengeru Jumamosi nikashika ng'ombe, ningekuwa mtu mwingine leo. Hawa wanawatafuta hasa watu wasioweza kutoka: wenye wagonjwa, wenye watoto wachanga, wasio na nauli. Wanajua hatutapanda gari kwenda kugonga mlango wao.

Basi mimi napanda. Jumatatu dada yangu anakuja kukaa na mama. Nina risiti zote tatu, ujumbe wa ahadi na picha za moduli, nazipeleka NACTVET na polisi. Nikitoka huko nashuka Tengeru kuuliza kama kuna njia yoyote kwa mtu wa hali yangu. Aliyelipa kama mimi, hata kama ni awamu moja, aje inboksi kabla ya Jumatatu na risiti yake.