Tupeane uzoefu: uliwahi kutembelea gari lenye beringi ya gurudumu iliyokwisha? Ilikuwaje?

Msafiri wa Usiku
Wakuu, salaam. Leo nimepanda gari la rafiki yangu. Tulipofika mwendo wa 60 hivi likaanza kuvuma, vuuuuu, kama ndege inayotaka kuruka. Namuuliza, ananijibu, "Tairi hizo, zimeisha kashata." Nikanyamaza, lakini mwili ulisisimka, maana mlio ule naujua: ni beringi, kile chuma chenye gololi kinachofanya gurudumu lizunguke kwa urahisi, imekwisha.

Mimi niliishi nao miezi mitatu nikiongeza sauti ya redio ili nisiusikie. Ikafika siku nimetoka kwenye kona, nakanyaga breki, pedali inazama hadi chini. Nakanyaga mara ya pili ndiyo inashika. Mbele yangu alikuwepo mzee na baiskeli yake. Nilisimama nikiwa naona mpaka kutu kwenye madigadi yake. Fundi akaja kunieleza kwamba gurudumu lilikuwa linacheza, diski nayo inayumba na kuzisukuma pedi zirudi nyuma, kwa hiyo nikanyagapo mara ya kwanza nazirudisha tu mahali pake. Breki zenyewe zilikuwa nzima kabisa!

Waliopitia haya leteni visa vyenu. Nataka nimsomee huyu ndugu yangu.

Spana 17
Mkuu, mwambie afanye hivi. Kwenye barabara pana isiyo na watu, ayumbishe usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito wa gari unahamia magurudumu ya kulia, kwa hiyo mlio ukizidi hapo shuku beringi ya kulia. Ukizidi akikata kulia, shuku ya kushoto. Tairi zilizoliwa vibaya kwa kawaida zinavuma vilevile hata ukikata kona.

Dada Usukani
Mimi kwangu ilianza taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Nikabadilishiwa sensa, baada ya siku nne taa hiyo hapo. Nikabadilisha tena! Kumbe beringi imelegea, ile pete inayosomwa na sensa inasogea huku na huku. Sensa mbili nzima nimezitupa bure.

Kona Kali
Kweli kabisa dada, yalinikuta hayohayo.

Baba Pacha
Sikutaka kuandika, ila huo mlio wa vuuu umenirudisha mbali.

Tulikuwa safarini, mimi, mama watoto na mapacha wangu wakiwa na miaka sita. Gurudumu la nyuma lilikuwa linavuma tangu wiki iliyotangulia. Katikati ya safari nikasikia harufu, kama grisi inaungua juu ya sufuria. Nikasimama. Nagusa rimu, nikautoa mkono haraka, la moto. Yale mengine matatu ni ya vuguvugu tu. Nikalimwagia maji ya kunywa, yakachemka yakalia chwaaa, nikangoja lipoe, nikasema tutafika.

Hatukufika. Mvumo ukageuka kuwa msago, kama mtu anasaga mawe chini ya kiti cha nyuma. Kisha kukawa kimya sekunde moja. Halafu nyuma ya gari ikadondoka, cheche zikaruka, usukani ukawa kama si wangu. Tukiwa tunaburuzika mwanangu mmoja akaniuliza, "Baba, lile tairi la nani?" Naangalia, tairi linatupita, linaenda mbele peke yake.

Tulisimama ukingoni. Ekseli ilikatika palepale beringi inapokaa, ncha yake imegeuka bluu na zambarau kwa joto. Kwenye lami kulikuwa na mfereji mrefu tuliouchimba.

Kona Kali
Dah. Pole sana. Tairi liliishia wapi?

Baba Pacha
Lilivuka upande wa pili likaingia shambani. Halikukuta gari wala mtu. Hapo ndipo ninapokosa usingizi, ndugu.

Dereva Mkongwe
Baba Pacha, pole, lakini nitasema ukweli. Rimu ikiwa ya moto vile, safari imeishia hapo. Unaita gari la kuvuta. Maji hayatengenezi beringi.

Dada Usukani
Ni rahisi kusema ukiwa umekaa sebuleni. Mtu yuko porini na watoto!

Dereva Mkongwe
Dada, nasema kwa sababu ya hao watoto.

Baba Pacha
Yuko sahihi, dada. Mwache.

Mwanagenzi
Samahani wakuu, yangu imeanza kuvuma juzi. Naweza kutembelea kilomita ngapi?

Kona Kali
Mimi nilienda miezi sita. Tembea polepole tu.

Dada Usukani
Yangu ilimaliza wiki mbili tu.

Spana 17
Mwanagenzi, usitafute namba hapa. Njia ndani ya beringi ikishachubuka, chembe za chuma zinachanganyika na grisi na kuisaga zaidi. Gurudumu likianza kucheza au kupata joto, gari lisitembee hata kwenda kwa fundi. Fundi aje.

Nyundo Nzito
Mnatishana bure. Beringi natoa na kufunga kwa nyundo miaka yote, haijarudi hata moja.

Spana 17
Kaka, hazirudi kwako, zinarudi kwetu. Beringi inapoingia kwenye nyumba yake isukumwe kwa pete ya nje, tena kwa presi, ile mashine ya kukandamiza. Ukiigonga pete ya ndani, pigo linapita kwenye gololi na kuacha vidonda, itavuma kabla mwenye gari hajaisahau bili. Na nati ya ekseli funga mpya, nyingi ni za kutumika mara moja.

Nyundo Nzito
Si kila mtu ana presi.

Spana 17
Basi mpeleke mteja kwa mwenye nayo.

Dereva Mkongwe
Na ukibadilisha upande mmoja badilisha wa pili.

Spana 17
Hapo sikubaliani nawe, mzee. Kama wa pili hauchezi na hauna mlio, uache.

Msafiri wa Usiku
Wakuu, nimerudi. Nimeenda kwake na jeki. Gurudumu la mbele kulia nimelishika juu na chini, nikavuta na kusukuma: koto, koto. Nikamwambia aweke kiganja kwenye springi, mimi nikalizungusha kwa mkono. Akasema anahisi kama kuna mchanga ndani. Halafu nikampa simu asome kisa cha Baba Pacha. Alipofika kwa yule mtoto alisimama kusoma akamwangalia binti yake.

Gari liko juu ya jeki na mawe. Funguo amenipa nikae nazo mpaka fundi aje.