Wa nyuma ya pazia: kazi na mambo mnayoyapenda vinakutana wapi? Tupeane uzoefu

Mshona Maleba

Wadau tusioonekana na watazamaji, naomba tuongee. Cherehani niliipenda tangu utotoni. Nilianza na nguo za wanasesere, zikaja za ndugu, halafu kikundi cha maigizo kikaniomba msaada wa wiki mbili. Huu ni mwaka wa 11.

Kuna onyesho ambalo mwigizaji alikuwa na sekunde 40 za kubadili gauni. Vifungo 12 vya mbele vilikuwa pambo tu, chini yake nilishona velkro, ule utepe unaonata wenyewe ukiubana, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kila usiku nilipiga magoti gizani, tochi ndogo nimeibana kwa meno, gauni nimelitandaza sakafuni likaacha tundu katikati. Anakuja mbio, anatia miguu kwenye tundu, navuta juu, nabana, huyo kaondoka. Velkro ina kelele ikibanduliwa, kwa hiyo tulimwomba mtu wa muziki aanze mapema kidogo.

Tangu hapo kila ninayemshonea namuuliza kwanza: utaivaaje, na utaivuaje? Mama yangu viganja vinamuuma. Magauni yake yote sasa yana vifungo vya pambo, na anavaa mwenyewe bila kumwita mtu. Hilo nimelitoa jukwaani, sikulipata kwenye darasa lolote la ushonaji.

Kwenu ilikuwaje?

Mtu wa Kamba

Dada, hiyo ya mama imenigusa.

Mimi ni mpanda miamba, kamba na mafundo ndiyo starehe yangu. Nilipoingia kwenye ukumbi nikadhani nimefika nyumbani. Haikuwa hivyo. Ukiwa mwambani kosa lako unalibeba wewe. Jukwaani linamwangukia mtu aliyesimama kwenye alama yake, wala hatazami juu.

Kwa wasiojua: bomba lenye taa za kilo 200 linaning'inia juu ya jukwaa, nalo linasawazishwa na vyuma vya kilo 200 upande wa pili wa kamba, ndiyo maana mtu mmoja analipandisha kwa mikono. Bomba likiwa chini, vyuma viko juu. Kwa hiyo unapofungua, unatoa vyuma kwanza, taa baadaye. Siku moja mwenzetu alianza na taa. Nilisikia kamba inaanza kutembea kwenye viganja vyangu, kibanio cha kuizuia kimeshindwa, harufu ya kuungua. Niliachia na kupiga kelele. Vyuma vilishuka kwa kishindo, bomba likaruka juu. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu chini.

Siku hizi hata nikienda kupanda na rafiki, fundo nalikagua mimi, halafu nampa alikague yeye, kwa sauti. Zamani ningeona ni dharau.

Na mluzi sipigi. Wazee wa kazi husema mafundi wa kwanza wa kamba walikuwa mabaharia, wakipeana ishara kwa mluzi, na mluzi wa ovyo ungeweza kushusha mandhari ya jukwaa, yale maturubai yaliyochorwa, juu ya kichwa cha mtu.

Fundi Taa

Kwangu ni redio mbovu. Nilizifungua nikiwa mdogo, na bado nazifungua. Jukwaani nimejifunza kuandika jina kwenye kila waya, pande zote mbili, kabla ya kugusa chochote. Sasa hata redio za nyumbani zina vibandiko.

Napenda pia historia ya taa. Ukumbi wa Savoy wa London uliwekewa umeme mwaka 1881. Kabla ya hapo walikuwa wakichoma kipande cha chokaa kwa moto wa gesi mpaka king'ae, na fundi anakaa pembeni yake usiku mzima akikigeuza. Waingereza mpaka leo wakisema mtu yumo kwenye mwanga wa chokaa, wana maana anatazamwa na wote. Mimi humfikiria yule aliyekuwa anakigeuza.

Masikio

Narekodi ndege alfajiri, basi nikapewa kazi ya sauti. Mvua halisi ukiirekodi inasikika kama mafuta yanayokaanga. Mbaazi kavu kwenye sanduku refu, ukiliinamisha taratibu, ndiyo mvua.

Mpaka Rangi

Nitasema tofauti kidogo. Nilipenda kuchora kuliko kitu chochote. Nikaanza kupaka mandhari: kuta za matofali za mita 6, misitu, mbingu, kwa brashi ya mpini mrefu nikiwa nimesimama juu ya turubai. Kazi naipenda kwa moyo wote. Lakini miaka minne sasa sijachora nyumbani. Nikishika penseli mkono unasubiri mtu aseme inatakiwa lini. Kuna mwingine limemkuta?

Treni Ndogo

Limenikuta, Mpaka Rangi, na pole sana. Natengeneza vielelezo vya jukwaa kwa kipimo cha 1:25. Mtu wa sentimita 175 anakuwa sentimita 7. Nyumbani nina treni za 1:87, mtu huyohuyo anakuwa sentimita 2. Ule mwaka nilipochoka, kilichonirudisha ni kubadili ukubwa. Mkono haukuikumbuka kazi. Wewe umezoea mita 6, jaribu ukuta wa urefu wa kidole, usimwonyeshe mtu.

Mshona Maleba

Nawasoma wote. Mpaka Rangi, usiondoke.

Mpaka Rangi

Sijaondoka. Nimechukua kiberiti kitupu, nimekipaka matofali pande mbili. Nimekaa saa nzima bila kutazama saa. Treni Ndogo, ile mistari ya saruji katikati ya matofali unaipitisha kwa kifaa gani? Brashi yangu ndogo kuliko zote bado ni nene.

Treni Ndogo

Usiipake. Paka saruji kwanza kiberiti kizima, ikauke, halafu gusa matofali juu yake kwa ncha ya kijiti cha meno.